Nani Humwandika Nani

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kijana wa Kimarekani, Joseph Nye, mzaliwa wa South Orange katika jimbo la New Jersey, alikuja Afrika Mashariki kufanya utafiti wa tasnifu yake ya uzamivu. Alikuwa mwanafunzi wa Harvard. Nchi zetu tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikuwa na reli moja, posta moja, sarafu moja na soko moja, naye alitaka kujua kama zitakubali kuwa na serikali moja pia. Alikuja wakati mambo yamepamba moto. Tarehe 5 Juni 1963 Nyerere, Obote na Kenyatta walitangaza mjini Nairobi kwamba shirikisho litaundwa kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha, shirikisho halikuonekana. Nye alihitimu mwaka 1964, na mwaka uliofuata kitabu chake, Pan-Africanism and East African Integration, kikachapishwa.

Miaka hiyohiyo Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa akifundisha Makerere huku akiandika tasnifu yake ya Oxford, aliyoimaliza mwaka 1966. Mwaka 1967 akatoa Towards a Pax Africana. Walikuwa karibu rika moja: Mazrui alizaliwa 1933, Nye 1937. Eneo walilolitazama lilikuwa moja, kipindi kimoja, na taaluma yao ni ileile ya uhusiano wa kimataifa. Hata hivyo waliuliza maswali tofauti kabisa, na mimi naamini tofauti hiyo inatufundisha zaidi kuhusu taaluma hii kuliko sura nzima za nadharia ambazo wanafunzi wetu hulazimika kuzinakili.

Nye aliuliza: muungano huu utafika? Alitazama uchumi, akawasikiliza viongozi, akapima itikadi ya umajumui wa Afrika ina uzito gani inapogongana na maslahi ya kila nchi. Nyuma yake kulikuwa na nadharia zilizozaliwa Ulaya baada ya vita, hasa kazi ya Ernst Haas ya mwaka 1958 juu ya jumuiya ya makaa ya mawe na chuma. Kwake Afrika Mashariki ilikuwa mahali pa kujaribia nadharia hiyo: kama mambo yalikwenda vile huko, je, huku yatakwendaje? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Jicho lake liliona mambo ambayo sisi tulikuwa tumeyazoea mno, na kitabu chake kinafaa kusomwa hata leo na kila anayejiuliza kwa nini Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1967, ilivunjika 1977.

Mazrui aliuliza jambo jingine: nani ana haki ya kulinda amani ya Afrika? Swali hili halikutoka vitabuni. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, uasi ukaenea Uganda na Kenya, na serikali tatu ambazo wino wa uhuru wao ulikuwa haujakauka zikalazimika kuwaita wanajeshi wa Uingereza waje kuwapokonya silaha askari wao wenyewe. Mtafiti kutoka nje angeweza kuliandika tukio hilo kama takwimu ya udhaifu wa dola changa. Mazrui alilibeba kama aibu inayodai fikra. Ikiwa mkoloni aliyeondoka jana anaitwa leo kutuliza nyumba, uhuru una maana gani? Na ikiwa si yeye, basi ni nani kati yetu, na kwa idhini ya nani?

Tazama alikotoka. Ukoo wa Mazrui ulikuja kutoka Oman, ukaitawala Mombasa mpaka 1837, ulipoangushwa na Seyyid Said. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mwandishi wa magazeti ya Kiswahili na Kiarabu. Ukanda wa Mwambao alikozaliwa Ali ulikuwa kisheria milki ya Sultani wa Zanzibar mpaka 1963, ukitawaliwa na Mwingereza kwa mkataba, huku bendera ya Sultani ikipepea. Mtoto wa mahali hapo hahitaji mhadhiri wa kumweleza kwamba mamlaka ya dola yanaweza kuwa na tabaka mbili au tatu juu ya ardhi ileile. Anajua tangu utotoni. Matokeo yake ya mtihani wa Cambridge hayakutosha kumwingiza Makerere. Akafanya kazi ya ukarani Mombasa, mpaka hotuba yake moja ya Maulidi ilipomvutia gavana Philip Mitchell na kumfungulia njia ya ufadhili. Alipitia Manchester na Columbia kabla ya Oxford. Alipoingia Makerere hatimaye, aliingia kama mwalimu.

Kuna kitu kinachonikereketa zaidi katika hadithi ya Nye, na si kosa lake. Baada ya tasnifu ile aligeukia Amerika ya Kati, kisha taasisi za kimataifa, kisha silaha za nyuklia, na mwaka 1990 akaupa ulimwengu dhana ya nguvu laini, yaani uwezo wa nchi kuwavuta wengine bila kuwalazimisha. Hakuna aliyemwuliza mtu wa New Jersey kwa nini anaandika juu ya Kampala, wala kwa nini ameacha kuandika juu ya Kampala. Dunia yote ilikuwa uwanja wake halali. Sasa mfikirie mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anayepeleka andiko lake la utafiti na kusema anataka kuchunguza jinsi Baraza la Congress la Marekani linavyopitisha bajeti ya misaada ya nje. Swali la kwanza atakaloulizwa, mara nyingi na wasimamizi wa hapahapa nyumbani, ni hili: hilo linaihusu vipi nchi yako?

Hapo ndipo mapokeo yanapoachana. Katika mapokeo ya vyuo vya mataifa makubwa, mahali alikotoka mwanafunzi ni pa kuanzia tu. Katika mapokeo tuliyojijengea sisi, mahali hapo pamegeuka ua unaomzunguka.

Wapo waliouvunja ua huo mapema, na wanastahili kusomwa nasi kwa makini zaidi kuliko ilivyo sasa. Ralph Bunche, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Detroit aliyelelewa na bibi yake Los Angeles, alipata uzamivu wa sayansi ya siasa Harvard mwaka 1934, wa kwanza kwa Mmarekani mweusi katika taaluma hiyo. Aliandika juu ya utawala wa Kifaransa Togo na Dahomey. Uchaguzi wa nchi hizo ulikuwa wa werevu mkubwa. Dahomey ilikuwa koloni la kawaida. Togo ilikuwa chini ya Ufaransa kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa la Geneva, ikidhaniwa kuwa na ulinzi wa sheria ya kimataifa. Bunche aliziweka pamoja na kuuliza kama ulinzi ule ulibadilisha chochote katika maisha ya Mwafrika. Alisoma nyaraka Paris na Geneva, kisha akaenda mwenyewe Afrika Magharibi. Jibu alilorudi nalo ni kwamba tofauti ilikuwa ndogo mno.

Mjukuu wa watumwa, raia wa nchi iliyokuwa bado na vyoo vya weupe na vya weusi, alijua tangu nyumbani kwamba haki iliyoandikwa kwenye karatasi na haki anayoipata mtu barabarani ni vitu viwili. Akalichukua swali la nyumbani akalipeleka Lomé na Porto-Novo. Miaka michache baadaye alikwenda London, akajifunza Kiswahili kwa Jomo Kenyatta, kisha akasafiri Afrika Kusini na Afrika Mashariki. Mwaka 1945 alishiriki kuandika sura za Mkataba wa Umoja wa Mataifa zinazohusu nchi za udhamini, akaja kuongoza idara iliyozisimamia, na mwaka 1950 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa usuluhishi wa Palestina. Tanganyika ilikuwa mojawapo ya nchi hizo za udhamini. Mwaka 1955, Nyerere aliposimama New York mbele ya Baraza la Udhamini kudai mustakabali wa watu wake, alikuwa ndani ya utaratibu uliojengwa kwa sehemu na mtu aliyeanza kwa kuuliza, katika tasnifu, kama utaratibu wa namna hiyo una faida yoyote. Sijui mfano bora wa kumwonyesha mwanafunzi anayedhani kwamba tasnifu ni karatasi ya kupandia cheo.

Merze Tate aliruka ua kwa namna nyingine. Alizaliwa 1905 katika shamba la wazazi wake Michigan, akapata shahada Oxford mwaka 1935, Mmarekani mweusi wa kwanza mwanamke kufanya hivyo, na uzamivu wake Harvard kupitia Radcliffe mwaka 1941. Wakati wake mtu mweusi alitarajiwa kuandika juu ya weusi, na mwanamke alitarajiwa kutoandika kabisa juu ya mizinga na manowari. Tate aliandika juu ya harakati za kupunguza silaha mpaka mwaka 1907. Kitabu chake, The Disarmament Illusion, kilitoka 1942, dunia ikiwa katikati ya vita. Alifundisha Chuo Kikuu cha Howard kwa zaidi ya miaka thelathini, akaandika juu ya Hawaii na Pasifiki, na uzeeni akageukia reli na madini ya Afrika. Alifika Afrika kwa hiari yake, baada ya kupita kwingine alikotaka.

Walter Rodney, Mguyana, nitamtaja kwa ufupi kwa kuwa wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa kitabu alichokiandika Dar es Salaam. Kabla ya hicho, akiwa mwanafunzi London, alijifunza Kireno ili asome nyaraka za Lisbon juu ya pwani ya Guinea ya Juu. Alipata uzamivu mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 24. Mtu wa kizazi cha waliouzwa alijifunza lugha ya waliouza. Bila lugha hiyo pasingekuwa na Rodney tunayemjua.

Suala la lugha linanipeleka Denver. Josef Korbel, mwanadiplomasia wa Czechoslovakia aliyeikimbia nchi yake ilipochukuliwa na wakomunisti, aliishia kufundisha katika Chuo Kikuu cha Denver, ambako mwaka 1964 alianzisha shule ya uzamili ya taaluma za kimataifa. Binti yake, Madeleine Albright, aliandika uzamivu wake Columbia juu ya waandishi wa habari wa Czechoslovakia katika vuguvugu la 1968. Mwanafunzi wa Korbel, Condoleezza Rice, msichana mweusi wa Birmingham, Alabama, aliyekwenda chuoni kusomea piano, alimsikia akifundisha juu ya Stalin na akabadilisha njia. Alijifunza Kirusi na kuhitimu mwaka 1981 kwa tasnifu juu ya jeshi la Czechoslovakia na uhusiano wake na Wasovieti. Wote wawili wakaja kuwa mawaziri wa mambo ya nje wa Marekani. Mtu anaweza kuzipinga sera zao, na mimi nyingine nazipinga kwa nguvu, lakini lazima akiri jambo moja: hakuna aliyemwambia Rice kwamba mtu wa Alabama anapaswa kuandika juu ya Alabama. Nchi ya mkimbizi mmoja iliingia katika tasnifu mbili, na tasnifu hizo zikaingia katika ofisi zinazoamua vita na amani.

Asia ilifuata njia ya tatu, ya kupanga. China mwaka 1964 iligawanya dunia baina ya vyuo vikuu vitatu. Chuo Kikuu cha Peking kilipewa harakati za ukombozi za Asia, Afrika na Amerika ya Kusini; Renmin kikapewa nchi za kisoshalisti na vyama vya kikomunisti; Fudan cha Shanghai kikapewa nchi za kibepari za Magharibi. Mapinduzi ya Utamaduni yalivuruga mengi, na shahada za uzamivu zilikuja kuwekewa utaratibu kuanzia 1981, lakini mgawanyo ule uliacha alama. Una ubaya wake: serikali ikikuchagulia swali, kuna majibu ambayo hutathubutu kuyapata. Hata hivyo serikali ya nchi maskini, kama China ilivyokuwa wakati huo, iliamua kwamba lazima wawepo watu wake wanaotujua sisi. Kiswahili kinafundishwa Beijing tangu miaka hiyo.

India naiona kuwa mfano ulio karibu zaidi nasi. Mwaka 1955, miaka minane tu baada ya uhuru, ilianzisha shule yake ya taaluma za kimataifa katika jengo la Sapru House, New Delhi, kwa lengo la kuandaa mabingwa wa maeneo mbalimbali ya dunia. Mwaka 1970 shule hiyo ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru. Ina vituo vya Urusi na Asia ya Kati, Asia Mashariki, Asia Magharibi, Marekani, Ulaya na Afrika. Mwanafunzi aliyetoka kijijini Bihar anaweza kuingia hapo na kutoka akiwa bingwa wa Japani au Iran. S. Jaishankar, waziri wa mambo ya nje wa India tangu 2019, alipata uzamivu wake hapo, akibobea katika diplomasia ya nyuklia. Na mwaka huohuo wa 1955 Chuo Kikuu cha Delhi kilianzisha idara ya taaluma za Afrika, ambayo Kiswahili ni mojawapo ya masomo yake. Nauliza tena na tena: iko wapi idara yetu ya taaluma za India, ilhali upepo wa kaskazi umekuwa ukiwaleta kwetu majirani hao kwa zaidi ya miaka elfu moja?

Taasisi tunazo. Nairobi ilianza kuwafunza wanadiplomasia chuoni mwaka 1973. Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, Dar es Salaam, kilianzishwa 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji, wakati ambapo ukombozi wa Kusini mwa Afrika ulikuwa ndio sera yetu ya nje. Taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere, chini ya Mahmood Mamdani, ilianzisha mwaka 2012 programu ya uzamivu yenye masomo ya darasani kwanza, tasnifu baadaye, ili kupinga utamaduni wa ushauri elekezi unaomfanya msomi wa Kiafrika kuwa mkusanyaji wa data kwa maswali yaliyoandikwa kwingine. Mamdani alilijua jambo hilo kwa maisha yake: mtoto wa Kihindi aliyekulia Kampala, akaenda Marekani kwa ufadhili miaka ya 1960, akafukuzwa Uganda pamoja na Waasia wengine mwaka 1972, akamaliza uzamivu wa Harvard mwaka 1974 akiwa tayari ni mkimbizi, akafundisha Dar es Salaam.

Wanafunzi wetu wa uzamivu katika taaluma hii wengi wao ni watu wazima wenye kazi. Ni maofisa wa wizara, wanajeshi, mawakili, wahadhiri wasaidizi, watumishi wa mashirika ya misaada. Wanasoma jioni na mwisho wa wiki, ada wanailipa mfukoni au kwa mkopo. Uzoefu wao ni utajiri ambao Nye hakuwa nao alipofika hapa. Ofisa aliyehudumu Somalia au aliyekaa mezani Arusha akijadili ushuru wa forodha anajua mambo ambayo hayamo katika jarida lolote. Lakini mada zinajirudia: ugaidi wa al-Shabaab, wakimbizi wa Maziwa Makuu, vikwazo vya biashara katika Jumuiya, athari za China katika nchi yangu. Neno la mwisho hapo ndilo linaloniuma. China inachunguzwa kwa kipimo cha kile inachotufanyia. Chama kinachoitawala, majimbo yake yanayoshindana, benki zake zinazokopesha na hofu wanazolala nazo viongozi wake vinabaki kazi ya watu wa Washington na London, nasi tunawanukuu.

Kuna hoja inayopinga haya, na ina heshima yake. Inasema: tumeandikwa na wengine kwa karne nzima, tuacheni kwanza tujiandike. Naikubali nusu. Kujiandika ni haki na ni wajibu. Lakini anayeandika juu yake tu, huku wengine wakiandika juu yake na juu ya kila mtu, atafika kwenye meza ya mazungumzo akiwa anajulikana na hajui. Mikataba ya bandari, gesi na madini haijadiliwi na watu waliosoma historia yetu peke yake. Upande wa pili huja na watu walioisoma yetu na yao.

Na hapa asili za wanafunzi wetu zingeweza kutufaa sana, kama tungeziheshimu. Rice alianza Kirusi kwenye sifuri. Kijana wa Lamu au Pemba aliyesoma chuoni kwa maalim tangu utotoni ana msingi wa Kiarabu. Kwa nini asiandike juu ya siasa za ndani za Oman, au sheria za ajira za nchi za Ghuba, ambako dada zetu kwa maelfu wanafanya kazi za nyumbani? Mtu wa Bukavu, Goma au Bujumbura ana Kiswahili na Kifaransa mdomoni. Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, na nyaraka za Kinshasa ni za Kifaransa. Mtafiti wa Dar es Salaam asiyekisoma atategemea tafsiri za watu wengine juu ya mwanachama mwenzake. Wapo Watanzania na Wakenya wenye Kigujarati cha nyumbani. Wapo waliosoma shahada za kwanza Moscow, Beijing na Ankara na kurudi na lugha hizo, kisha wakaandika tasnifu za Kiingereza juu ya wilaya walikozaliwa kwa sababu hakuna msimamizi aliyeona thamani ya walichokuwa nacho.

Wasimamizi wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali, mwanafunzi anayekuja kwenu mwaka huu na mada ya Tehran, Brasília au Brussels msimrudishe kijijini kwake. Mwulizeni anajua lugha gani, na kama hajui, mpeni miaka miwili ya kujifunza kabla ya kudai sura ya kwanza. Na wizara zetu za mambo ya nje zitenge fedha za kumpeleka huko akakae, asome magazeti yao, asikilize mabunge yao, kama Nye alivyokuja kutusikiliza sisi.